Jina la Dobi

Katika mji ule, ukisimama sokoni ukaita "Mwanya!" watageuka watu si haba, na muuza nyanya mmoja ataitika kabla hujamaliza. Kulikuwa na Mwanya wa gereji, Mwanya wa duka la dawa, Mwanya dereva wa lori, Mwanya muuguzi wa wodi ya wazee, na wengine ambao hata wao kwa wao hawakujuana vizuri. Mgeni angedhani ni ukoo mkubwa ajabu. Ukoo gani! Wapange mstari, uwachekeshe, uone: meno yamebanana kama matofali. Jina linasema hivi, midomo inasema vingine kabisa.

Maana mwanya, kama ujuavyo, ni ile nafasi kati ya meno mawili ya mbele. Zamani palikuwa na fundi mmoja wa kuezeka aliyekuwa nao mpana hata akawa anabana msumari humo akiwa juu ya paa, mikono yote miwili inafanya kazi. Watu wakamwita Mwanya, jina lake la kuzaliwa likasahaulika, na watoto wake wakaandikwa hivyo hivyo. Binti yake wa mwisho akarithi jina na mwanya wenyewe. Naye akazaa mtoto mmoja tu, wa kiume, akavirithi vyote viwili. Huyo ndiye mtu wetu: fundi fremu, mwenye kibanda nyuma ya stendi, mkata vioo na mbao, mtu wa mkono mtulivu na kijiba cha roho.

Kijiba chenyewe kilianzia kwenye kazi ya mama yake. Mama alikuwa dobi wa kituo cha watoto walioachwa. Siku moja alipita ofisini na kapu la mashuka, akamkuta karani anamwandikisha mtoto mchanga aliyeokotwa kwenye ngazi za zahanati. Pale pa jina la ukoo karani alikuwa anaandika "Hajulikani."

"Hajulikani ndiyo jina gani la kumpa mtu?" dobi akauliza. "Akiitwa darasani, aitike hilo?"

"Sasa mama, nimpe la nani? Langu?"

"Kama lako zito, mpe langu. Mwanangu alikataliwa na baba yake, nikampa hilo hilo, na mbona anakula na kunenepa."

Karani akacheka, akaandika. Baadaye akaletwa mwingine, na mwingine, na ikawa ndiyo kawaida ya kituo: asiye na jina hupewa la dobi. Wengine wangelichukulia kama jambo la makaratasi tu. Dobi, wapi! Kila aliyepewa jina lake, yeye alimfuata mpaka shuleni kuuliza maendeleo, akamkaripia kama wa tumboni, akamkagua masikio kama yameoshwa. Mwanawe aliponung'unika, jibu lake lilikuwa moja: "Jina si sukari, mwanangu. Halipungui kwa kugawiwa."

Kwa mwanawe lilipungua kila mwaka. Wale watoto walipokua, walimletea kazi. Walileta picha za kuhitimu, za harusi, za kufungua duka, na katikati ya kila picha alikuwa mama yake, na gauni lake la bluu, anacheka meno yote nje. Fundi alizikatia vioo, akapigilia misumari midogo kwenye kona, akafuta alama za vidole. Ukutani kwake hapakuwa na picha hata moja ya yeye na mama wawili tu. Siku zote alisema watakwenda kupiga, na siku zote kazi ikamshika. "Kaka, umeitengeneza safi kweli," wateja walimwambia. Hilo neno "kaka" lilimchoma kuliko kipande cha kioo kidoleni.

Kisha mama akaugua, akalazwa. Fundi akafunga kibanda, akahamia wodini. Alikuwa na jambo moja tu alilolitaka, wala hakuona aibu kulitaka: mama akiondoka, aondoke mikononi mwake, yeye na mama, bila mwingine. Asubuhi moja mgonjwa akasema anatamani uji. Fundi akatoka mbio na chupa kwenda kuununua getini. Aliporudi, Mwanya muuguzi alikuwa amekaa kitandani, ameushika mkono wa mama, na macho ya mama yalikuwa yameshafumbwa.

"Amekwenda, kaka," muuguzi akasema, machozi yanamtiririka. "Hakuteseka. Nilikuwa naye."

Nilikuwa naye! Kati ya maneno yote ya dunia, akachagua hayo. Fundi aliweka chupa chini, akaifunga vizuri, na hakulia.

Jioni Mwanya wa gereji alikuja nyumbani kwa niaba ya wenzake kuuliza mipango.

"Tunazika Jumamosi, saa tisa alasiri," fundi akamwambia.

"Basi sisi tutakuja makaburini na lori. Kubeba tutabeba wenyewe, kaka, wewe usihangaike na lolote."

"Sawa."

Mgeni alipoondoka, fundi alikwenda kwa wachimba kaburi akawaambia saa nne asubuhi.

Jumamosi hiyo makaburini walikuwepo yeye, wachimba kaburi wawili, na jirani yake seremala aliyechonga jeneza. Seremala alikuwa anatazama njia kila baada ya muda.

"Hatuwasubiri wenzako? Mama wa watu wote wale?"

"Mimi ndiye mwanawe."

"Hilo nani anabisha," seremala akasema.

Jeneza liliwaelemea. Wakati wa kulishusha, kamba ya upande mmoja ikateleza, likainama, likagonga ukuta wa kaburi. Mchimba kaburi mmoja alilalamika kwamba mikono ilikuwa michache. Seremala akaomba dua fupi. Fundi akatupa udongo wa kwanza, na kwa kuwa hapakuwa na mfiwa mwingine wa kutupa, akatupa na wa pili. Alikuwa anangoja kitu kimjie, ule utulivu wa kuwa na mama peke yake hatimaye. Hakikuja. Kilichomjia ni hamu ya kumwambia mtu jinsi mama alivyokuwa akiimba vibaya wakati wa kuanika mashuka, anakosea wimbo na bado anapandisha sauti. Seremala hakumjua mama wa siku hizo. Wachimba kaburi walikuwa wanakung'uta majembe. Waliomjua mama akiimba walikuwa majumbani kwao saa ile, wanapiga pasi nguo za msiba.

Seremala na wachimba kaburi wakaondoka. Fundi alitaka kuondoka pia, akajikuta amekaa kando ya tuta mpaka alasiri.

Lori lilifika kama walivyoahidi, limejaa. Mwanya wa gereji alishuka wa kwanza, amesugua mikono mpaka grisi imetoka kwenye kucha. Nyuma yake walikuja wengine na maua, wanazungumza chini chini, mpaka walipoliona tuta. Wa mbele akasimama ghafla na wa nyuma wakamgonga mgongoni.

"Ameshazikwa?" Mwanya wa gereji akauliza.

"Ameshazikwa."

"Si ulisema saa tisa?"

"Nilisema." Angeweza kutafuta kisingizio, lakini hakuwa na nguvu za kukitafuta. "Nilitaka awe wangu. Leo tu."

Mwanya wa gereji alimwendea amekunja ngumi. Muuguzi akamshika mkono, akamrudisha. Kisha wakaanza kumuuliza, huyu hili na yule lile, maswali madogo madogo. Alivalishwa nini? Lile la bluu? Alifungwa kilemba? Alilala vizuri? Akajibu yote, hata habari ya kamba akaisema. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma aliposikia jeneza liligonga, alipiga yowe kana kwamba habari za kifo ndiyo kwanza zinamfikia.

"Tulikuwa wengi wa kumshusha taratibu," muuguzi akasema. "Asingegonga popote."

Hapo ndipo fundi alipolia. Alilia kwa sauti, ameinama, na hakuna aliyemshika bega. Waliweka maua yao, wakagusa udongo uliokwisha kupigwa koleo, wakaanza kupanda lori mmoja mmoja. Muuguzi akabaki nyuma.

"Mama aliniachia neno pale wodini," akamwambia. "Alisema, 'Ndugu yenu huyo hana mtu, msimwache peke yake.' Nilipanga kulisema leo hapa, mbele ya wote, tukiwa tumeshikana mikono."

Akageuka, akapanda na wenzake. Dereva akawasha.

"Ndugu zangu!" fundi akaita. Hakuwahi kuwaita hivyo tangu azaliwe. "Ndugu zangu, jamani!"

Walimsikia, wote walikuwa wanamtazama. Muuguzi akanyoosha mkono, akagonga kichwa cha lori kwa kiganja, na dereva akaondoa gari.