Kikombe cha Ambakisye

Ambakisye alihama baridi ya Rungwe, akapanga kwa Benedikta huko Lusu. Alisema daktari Mwingereza amemwambia kifua chake kinataka jua. Kutwa aliliota uani, lakini kila Benedikta alipomletea togwa na kutaka kutangulia kuonja, kama mwenyeji anavyomtoa mgeni hofu ya sumu, Ambakisye alikifunika kikombe chake cha bati kwa kiganja.

"Ananidhania mchawi huyu!" Benedikta alinung'unika. "Au ana lake jambo."

Wiki ya tatu uvumilivu ukamwisha. Akampokonya kikombe, akapiga mafunda mawili. "Haya, nimekufa?"

Ambakisye akainama. "Mama, daktari amekataza mtu mwingine kunywea kikombe changu. Ningekwambia ni kifua kikuu, ungenipokea?"