Kiti Kilichomezwa na Weusi

Naapa kwa mvi zangu, kisa hiki ni kweli tupu. Nikikutwa nimeongeza chumvi hata punje, masufuria ya nyumba hii nitayasugua mimi.

Mlinzi alisimama sebuleni kwa bosi, kofia mkononi, akiitazama televisheni kama mtu anayesomewa hukumu. Picha za kamera ya getini zilionyesha ukuta, taa, ndoo. Pale penye kiti chake, chini ya ngazi, palikuwa na weusi mtupu. Weusi wenyewe ulikuwa mzito hivi kwamba nzi alitua kwenye kioo akatumbukia, asionekane tena.

"Wewe uko wapi hapo?" bosi aliuliza. "Lindo umelitoroka. Kachukue vitu vyako."

"Bosi, nilikuwepo. Koti langu jeusi, na kona yenyewe ina giza..."

"Giza limekula mpaka meno?"

Ada ya watoto, kodi ya chumba, vyote vilikalia kiti kile kimoja. Mlinzi akaomba rimoti, akaongeza mwangaza. Ukuta ukawa ukungu, ndoo ikapauka kama imemwagiwa majivu, na kona ikageuka kijivu kisicho na mtu.

"Sasa umekuwa moshi," bosi akasema.

"Mpigie fundi wa kamera, mzee wangu. Nakushika miguu."

Fundi alicheka kwenye simu. "Rikoda ya kamera inaanza kuhesabu weusi kwenye sifuri. Televisheni yenu imewekwa upeo finyu wa rangi, yenyewe inaanzia kumi na sita. Kila kilicho chini ya hapo inakipaka weusi uleule. Rudisheni mwangaza ulivyokuwa, halafu wekeni upeo kamili."

Mlinzi akarudisha mwangaza, akabonyeza upeo kamili. Ngazi zikajitokeza. Kiti. Koti. Kisha yeye mwenyewe, kichwa kimeangukia kifuani, mdomo wazi.

"Nilikuwa nasali," akanong'ona.

"Na huo udenda ndio amina?"

Mlinzi akainama. Alichoomba kionekane kilikuwa kimeonekana chote.

"Haya, kuwepo ulikuwepo," bosi akasema. "Kazi unayo. Kiti huna."

Tangu hapo analinda wima.

Nilipofika hapa, mke wangu, aliyekuwa akisomea begani kwangu, akauliza, "Na yule nzi alitoka?"

"Nzi gani, mama watoto?"

Alikwenda jikoni akarudi na kikopo cha jivu. Naweka kalamu chini. Naanza na sufuria lile lililoungua.