Taa za Mji wa Moyo

Bismillahi ingali mdomoni mwake, Maalim Shekue anafumba macho ndani ya mashine ya kupiga picha za moyo, na kitanda kinageuka njia. Punde hivi Bi Mwanahija, muuguzi, amemdunga dawa mbili: moja ya kutanua mishipa, nyingine yenye mionzi hafifu, itakayong'aa kila mahali damu ifikapo moyoni, ili giza lionyeshe palipoziba. Kwanza alimuuliza: Maalim, tangu jana hujagusa chai wala kahawa? Zinaiharibu dawa ya kutanua, picha zikasema uongo. Naye akajibu: sijagusa kitu, mwanangu, nimekuja mtupu kama dafu lililokwisha maji. Vile vikombe vitatu vya kahawa chungu, barazani pa msikiti baada ya swala ya alfajiri ya leo, havikumjia akilini. Kwake hivyo ni sehemu ya uradi, si kinywaji. Sasa anatembea katika mji mwekundu ambao kuta zake zinapumua, njia inazaa njia, na kila mlango una taa, na taa zote zinawaka, naye anasema alhamdulillahi, moyo wangu mzima. Anatokea mtu asiye na uso, amebeba buli la shaba. Mzima? Haya, Maalim, kitendawili. Tega. Taa mlangoni, wenye nyumba wanakufa kwa kiu. Maalim, aliyefundisha mashairi miaka arubaini, analifuata jibu mlangoni. Anasukuma mlango: ndani kumekauka, mishipa imesinyaa kama nyuzi za mkeka mkuukuu. Anaigusa taa, nayo haina joto. Imechorwa ukutani kwa kahawa. Anasukuma mlango wa pili, wa tatu, mtaa mzima, hali ni ile ile. Nani amewadanganya wapimaji? anauliza. Vikombe vitatu, anasema asiye na uso, na jibu moja ulilompa yule binti. Laa haula! Wataniambia ni mzima? Watakuambia. Nirudi nyumbani? Urudi, upande mimbari Ijumaa, na ngazi ya tatu hutaimaliza.

Maalim, amka, tumemaliza. Juu yake kuna barakoa, kofia, na miwani inayomeremeta, uso hauonekani. Picha zako zinapendeza, inasema sauti, moyo wote unang'aa. Maalim anashtuka kuliko alivyoshtuka kule. Ulimini ana uchungu wa kahawa, wala hajui anasema na muuguzi au na mwenye buli. Nilikunywa, anasema. Vitatu. Sauti inamaka: wee Maalim! Na lile dafu tupu? Picha hizi hazifai hata moja; Jumatatu unarudi, na kahawa usiinuse. Nitarudi, mwanangu, nisamehe. Lakini macho yake yako darini, na mkono unapanda polepole kuielekea taa, aiguse, ajue kama inawaka au imechorwa.