Plasta ya Siku ya Ukaguzi

Niliandika barua kumi na moja. Mimi ni karani wa shule, barua ndiyo kazi yangu, na najua namna ya kumwambia mtu mkubwa kwamba ni mwongo huku nikimwita mheshimiwa. Kumi za kwanza kampuni ya ujenzi haikuzijibu. Ya kumi na moja niliipeleka kwa mkono wangu, nikakaa kwenye kochi lao la mapokezi tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa, mpaka dada wa mapokezi akachoka kuuona uso wangu. Ndipo nikapewa siku: Alhamisi, saa tisa alasiri, mkaguzi atakuja kuangalia nyufa.

Nyumba yetu ilikuwa inapasuka. Hatua nne kutoka ukuta wa sebule walikuwa wamechimba shimo la kumeza mtaa mzima, wapandishe ghorofa ishirini na mbili mahali palipokuwa na nyumba sita za chini kama yetu. Mashine yao ya kupigilia nguzo ilianza saa moja asubuhi, du, du, du, na kila ikipiga, vikombe vilicheza kabatini. Ufa wa kwanza ulianzia juu ya dirisha, mwembamba kama uzi. Kufikia mwezi wa nne ufa ulikuwa umefika sakafuni, nikaweza kuingiza vidole viwili. Ukichungulia hapo unaona kofia za njano za vibarua zikipita.

Nilipiga picha kwa simu, wakazikataa. Eti zinaweza kuwa za nyumba yoyote, za mwaka wowote. Kilichohesabika ni fomu ya mkaguzi peke yake. Akiandika kwamba ukuta umeathirika, mashine inazimwa mpaka watuimarishie nyumba. Akiandika kwamba ni mzima, wanaendelea kupiga mpaka ukuta uje chini, na sisi tukiwa ndani.

Kwenye uzio wao walibandika picha kubwa ya mtaa utakavyokuwa. Nyasi, mabenchi, watu wanacheka hovyo na vikombe vya kahawa mkononi. Nyumba yetu haimo. Nilipima kwa macho nikakuta pale palipo choo chetu wamemchora mama mmoja anatembeza mbwa. Kila nikipita hapo asubuhi nilimtukana yule mama kimoyomoyo, masikini, naye hana kosa.

Nyumba aliijenga baba. Alikuwa fundi wa plasta miaka arobaini, na mafundi wenzake walimwita Kioo, kwa jinsi kuta zake zilivyolala. Mama alipofariki nilirudi kukaa naye. Ana magoti mabovu, masikio nusu, lakini mpe mwiko na karai la saruji uone. Ule ufa ulimuumiza kuliko magoti. Mtu akibisha hodi, baba alikimbilia kuufunika kwa kalenda. Ufa ulipoizidi kalenda, akahamishia kabati. Nikamwambia mara ngapi sijui, baba, acha uonekane, huo ndio ushahidi wetu. Naye anaitikia, "Sawa mwanangu, sawa," kwa ile sauti ya mtu ambaye hajakusikia na wala hana mpango huo.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini. Nikamkuta mkaguzi getini saa tisa kasoro: kijana nadhifu, viatu vinang'aa, fomu kwenye ubao wa kuandikia. Aliniambia pole kwa usumbufu. Nikajisemea moyoni, huyu walau ana adabu. Nikafungua mlango.

Ukuta ulikuwa mweupe.

Si kupakwa tu. Umezibwa, umepigwa plasta, umesawazishwa, ukapigwa chokaa juu yake, kuanzia dirishani hadi sakafuni, huwezi kusema pana ufa wala palikuwa na ufa. Sebule imefagiliwa. Meza ina kitambaa. Baba amesimama katikati na shati lake la kwenda harusini, nywele zimechanwa kwa maji, saruji bado imemganda kwenye kucha.

"Karibu, injinia," alisema. "Karibu ndani, ujisikie nyumbani."

Nilimwendea. "Baba, umefanya nini?"

"Mgeni anakuja, mwanangu. Nyumba ya fundi, ukuta umepasuka hivyo, nitamkaribisha wapi?"

Nilitaka kulia, nikataka kumpigia kelele baba yangu kama mtoto aliyemwaga maziwa. Miezi minne! Barua kumi na moja, kochi la mapokezi, picha, nenda rudi, nenda rudi, halafu yeye anafuta yote kwa asubuhi moja tu, na saruji nusu mfuko. Na lililonikera zaidi, kazi ilikuwa nzuri. Nilitafuta kasoro sikuiona.

Mkaguzi aliupitisha mkono ukutani. Chokaa ikabaki kiganjani.

"Hii ni mbichi," alisema.

"Ndiyo," nilidakia. "Kaipiga leo. Chini yake pana ufa wa vidole viwili. Unaona mwenyewe ni mbichi."

"Dada, mimi naandika ninachokiona. Naona ukuta hauna ufa." Akapiga picha. Moja, mbili, tatu. Hakuwa na haraka, na nikaona mabega yake yameshuka kidogo, kama mtu aliyepunguziwa kazi.

Hapo ndipo baba alipoelewa. Nilimwona anaelewa. Akageuka kuutazama ukuta wake, akanitazama mimi, akainama uvunguni mwa meza kutafuta nyundo.

"Mzee, ukivunja mbele yangu nitaandika umevunja wewe," mkaguzi alisema. "Itabidi."

Baba akabaki ameinama na nyundo mkononi. Nimemwona baba amefiwa, nimemwona anaumwa, lakini sijawahi kumwona amefedheheka. Mori ukanipanda hadi masikio yakawaka. Mtu mzima wa miaka sabini na mitano, nyumbani kwake, anaomba radhi kwa macho kwa sababu alitaka kumpokea mgeni vizuri.

Kisha akainua kichwa. "Mbona kimya?"

Kweli. Nilikuwa na hasira nyingi hata sikusikia. Mashine ilikuwa imezimwa.

"Wamepumzika," mkaguzi alisema, macho kwenye fomu.

"Miezi minne hawajapumzika saa tisa," nilimwambia. "Leo unakuja wewe, wanapumzika?"

Akaanza kuandika.

Baba alirudisha nyundo uvunguni. Akavuta kiti kimoja akakiegemeza ukutani, pale pale ufa ulipo, akavuta na cha pili kando yake. Akaketi. "Kaa, injinia. Chai inakuja. Umesema ukuta ni mzima, basi tuuegemee tunywe chai."

Mkaguzi alicheka kidogo. Angekataaje? Akaketi, ubao wa fomu magotini, mgongo haukugusa ukuta.

Mimi sikwenda jikoni. Nilitoka kwa mlango wa nyuma mpaka kwenye uzio, nikamwona yule wa mashine amekaa juu kwenye kiti chake anachezea simu. Nikamwita kwa sauti ambayo nyumbani kwetu nilikatazwa tangu utotoni.

"Kaka! Ukaguzi umekwisha! Wamesema uwashe!"

Akaninyooshea kidole gumba, akawasha. Sijawahi kudanganya kwa raha namna ile.

Du. Nilikuwa nimefika mlangoni. Plasta ilichanika juu ya dirisha, mstari mmoja, safi. Du. Mstari ukashuka katikati ya vichwa vyao viwili. Du. Kipande cha ukubwa wa sahani kikamwangukia mkaguzi begani, na kabla hakijavunjika sakafuni alishanipita, bega kwa bega, yuko uani, kiatu kimoja kimefunguka kamba.

Baba hakuinuka. Alikuwa ameweka mikono magotini, chokaa inamnyeshea shati la harusi.

"Mtoeni mzee!" mkaguzi alipiga kelele. "Mtoeni, ukuta utamwangukia!"

"Ukuta upi?" nilimuuliza. "Huo mzima?"

"Dada, mtoe baba yako!"

"Baba, toka!" nilisema.

"Mgeni hajaandika," baba alijibu kutoka ndani.

Du.

Mkaguzi alinitazama kama mwendawazimu, na sikatai. Nilimshika mkono wenye kalamu. "Andika ulichokiona. Si ndiyo kazi yako? Umeona nini?" Alikata mstari wa kwanza, akaandika juu ya goti lake, herufi zinaruka. Kuna ufa. Ukuta unatikisika. Mashine isimame leo. Akaweka sahihi, akaninyooshea fomu huku akipunga mkono wa pili kule kwenye uzio, akiwapigia kelele wazime.

Mashine ilipiga mara mbili zaidi kabla ya kuzimwa. Mara hizo mbili nilikuwa uani, nimeshika fomu, ninasoma. Nilisoma neno kwa neno, nikaangalia tarehe, nikaangalia sahihi, baba yangu akiwa bado chini ya ukuta ule. Ndipo nikaingia kumtoa.

Nilimfuta chokaa usoni kwa kitambaa cha meza, naye akaniuliza kama kaandika vizuri, nikamwambia ndiyo. Watakuja kuimarisha nyumba, wamepanga na tarehe. Nyufa nitawasamehe. Lakini walinifikisha mahali pa kusoma karatasi kwanza, baba baadaye, na hilo nitakufa nalo moyoni.