Mumiani Afika Anoka

Kwa miaka kumi na miwili Geofrey amekuwa akisimulia kisa kimoja kwenye harusi zetu, na kisa hicho kinanihusu mimi. Yeye ni mhandisi, ofisi yake iko Plymouth, na karibu kila Mtanzania anayeoa hapa Minneapolis na Saint Paul humwita awe mshereheshaji. Akishashika kipaza sauti, kabla keki haijakatwa, husema, "Ndugu zangu, mnamwona Mzee Evodius pale meza ya tatu, mwenye suti ya kijivu? Mzee huyu aliwaozesha kaka na dada pale Kashai, wakaishi kwenye ndoa miaka mitatu, na serikali haikujua."

Watu hucheka. Mimi hunywa soda yangu.

Kisa ni cha kweli. Mwaka 1987 nilikuwa na kibanda cha video Kashai, Bukoba. Nilikuwa na televisheni moja, deki moja na mabenchi kumi na mawili. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, nami nilisimama kando ya televisheni na kipaza sauti nikiwaeleza watu kwa Kiswahili nini kinasemwa. Kazi hiyo tuliita kutafsiri. Tatizo ni kwamba mtafsiri mwenyewe alikuwa mtu wa darasa la saba, na Kiingereza hakukijua. Nilitazama picha, nikatunga. Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya kutisha, yenye ngome, mwanamume aliyepauka kama unga na mwanamke mwenye gauni refu. Kwa miaka mitatu nikawaambia watu kwamba hao ni mke na mume. Geofrey alikuwa mtoto wa miaka kumi, anakaa benchi la mbele. Alipokuja kusoma chuo kikuu huku Minnesota aliiona filamu ile ile, akaelewa kwamba wale wawili ni kaka na dada, na tangu siku hiyo sina raha.

Nilifika Amerika nikiwa na miaka hamsini na sita. Mchana nilisafisha ofisi, jioni nilikwenda darasani. Nilipata cheti cha sekondari nikiwa na miaka sitini na miwili, nacho kiko ukutani kwenye fremu niliyoichagua mwenyewe. Kamusi yangu ya kwanza ilikwisha jalada, ya pili ikafuata, sasa natumia ya tatu. Wenzangu darasani walijifunza Kiingereza ili wapande cheo. Mimi nilitaka siku moja nisimame tena kando ya picha, nitafsiri sawasawa, neno kwa neno, na jina langu litoke kwenye kicheko cha harusi.

Siku hiyo ililetwa na binti yangu Leah, ambaye naishi naye Oakdale. Leah ni mfamasia, mtu makini, lakini alikulia kwenye kibanda changu na mazimwi hayajamtoka. Kila Oktoba huenda kwenye tamasha la mashabiki wa filamu za kutisha kule Anoka, mji unaojiita makao makuu ya Halloween duniani. Watu hutoka mbali, wamevaa kama wanyonya damu, kama majitu yaliyoshonwa, kama watu wanaogeuka mbwamwitu. Hununua picha za zamani na hubishana siku nzima ni zimwi gani lenye heshima kuliko jingine.

"Baba, nimekuandikisha," alinambia tukiwa tunakula.

"Wapi?"

"Kwenye tamasha. Kuna shindano. Wanaonyesha filamu bubu, mtu anasimama mbele anaipa sauti, dakika kumi na tano. Wasikilizaji ndio waamuzi."

"Kwa lugha gani?"

"Kiingereza. Ukitaka kuchanganya, changanya."

"Geofrey asisikie."

Leah alikata kipande cha ndizi. "Nimeshamwambia. Anakuja na watu sita."

"Leah, mwanangu, mimi na wewe tuna ugomvi gani?"

"Baba, wewe umechoka kuchekwa na mimi nimechoka kukuona unachekwa. Sasa twende tukamalize."

Waandaaji walinitumia filamu nitakayopewa. Nilifanya kazi wiki tatu. Ilikuwa na maandishi arobaini na moja yanayojitokeza katikati ya picha, na yote niliyaandika kwenye daftari, Kiingereza upande huu, Kiswahili upande ule, na kila neno nililolitilia shaka nikalipeleka kwenye kamusi. Safari hii hakuna ndoa ambayo ingefungwa kimakosa.

Siku ya shindano, Jumamosi mchana, Leah alijifunga bendeji toka kichwani hadi miguuni kama maiti wa kale wa Misri, akaniendesha hivyo hivyo hadi Anoka. Mimi nilivaa suti yangu. Ukumbi ulikuwa wa sinema ya zamani, wenye viti vyekundu mia tatu, na vyote vilikuwa na mtu, kama naweza kuwaita watu. Safu ya tatu nilimwona Geofrey na wenzake, wao pekee wakiwa na nyuso zao za kawaida.

Alinyanyuka aliponiona. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Naona umekuja na daftari."

"Nimekuja na kazi yangu."

"Vizuri. Sisi tumekuja na masikio." Wenzake waliangalia chini wakicheka.

Tulikuwa washindani watatu. Wa kwanza alipiga kinanda na kuimba, akapigiwa makofi mengi. Wa pili walikuwa vijana wawili waliofanya mzaha kila sekunde, nao wakapigiwa makofi zaidi. Kisha Alice, mama mwenye kofia ya mchawi aliyekuwa akiendesha tamasha, akatangaza jina langu, na alilitamka vizuri. Taa zikazimwa.

Picha ilipotokea, sikuijua.

Haikuwa filamu yangu. Ilikuwa barabara ya mlimani na gari la farasi, na maandishi yaliyofuata yalikuwa ya lugha ambayo sijapata kuiona, herufi zake zimebeba nukta na vistari juu. Taa zikawashwa. Alice akakimbilia chumba cha mitambo, akarudi amebadilika uso.

"Mzee Evodius, nisamehe," alisema kwa sauti ndogo. "Kompyuta imeharibu faili la filamu yako. Iliyopo ni hii tu, ya Hungaria, haina tafsiri. Hakuna hapa anayeisoma. Nitawaambia watu kosa ni letu. Utaondoka na heshima yako."

"Nyingine itapatikana lini?"

"Siyo leo."

Safu ya tatu walikuwa wamekwishaelewa. Geofrey aliniita kwa Kiswahili, kwa upole wa kuchoma. "Mzee, pole. Hapo kamusi haisaidii."

Nilisimama na daftari langu la wiki tatu. Ningeweza kushuka. Hakuna ambaye angenilaumu, na Jumamosi inayofuata Geofrey angekuwa na kisa kipya: mzee alikwenda hadi Anoka akarudi bila kufungua kinywa. Niliitazama ile skrini nyeupe, na nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza miaka yote ya shule ya jioni. Katika ukumbi ule, ni nani aliyewahi kula, kuvaa na kusomesha mtoto kwa kueleza filamu asiyoielewa?

Nilimpa Leah daftari.

"Ionyeshe hiyo hiyo," nikamwambia Alice.

Nilisogea nikasimama kando ya skrini, upande wa kushoto, kama Kashai. Mtafsiri hasimami katikati. Anakaa pembeni ili aone picha na watu kwa jicho moja, na haangalii midomo ya waigizaji, kwani midomo hudanganya. Anaangalia mikono.

Gari la farasi lilisimama mbele ya nyumba kubwa. Akashuka mwanamume mrefu, koti hadi vifundoni. Mbwa wa nyumba ile akarudi nyuma.

"Kwetu Bukoba," nikaanza kwa Kiingereza changu, pole pole, kila neno mahali pake, "mtu huyu tunamjua. Anaitwa mumiani. Nilipokuwa mtoto, mama zetu walituambia: mkisikia gari jioni, ingieni ndani, ni mumiani anatafuta damu. Nimekaa Minnesota miaka mingi nikidhani nimemwacha nyumbani. Kumbe anasafiri. Na mnaona, mbwa ameshamtambua. Wenye nyumba bado."

Kicheko cha kwanza kilitoka nyuma. Kilikuwa kicheko cha watu wanaovutwa, na mimi kicheko hicho nakijua toka zamani.

Akatokea mjakazi na shuka la kufua. Nikampa jina la Donatille, kwa sababu mtu asiye na jina husahaulika filamu haijafika nusu. "Donatille ndiye mwenye akili katika nyumba hii. Yeye ndiye anayefua mashuka. Ameona doa. Mwenye kufua hafichwi kitu."

Kisha nikawafundisha kazi yao. Kashai watazamaji hawakukaa kimya. Zimwi likimnyemelea mtu, benchi zima lilimwonya. Nikawaambia neno lenyewe ni *geuka*, nikawapa mara mbili wajaribu. Mumiani aliponyata nyuma ya Donatille kwenye ngazi, wanyonya damu, mbwamwitu na maiti mia tatu wa Amerika wakanguruma kwa Kiswahili, geuka, na Donatille akageuka wakati ule ule kana kwamba amesikia. Ukumbi ulitikisika. Hata Alice alikuwa amesimama, kofia ya mchawi imelala upande.

Ndipo ikaja picha niliyoiogopa. Bibi mwenye nyumba alishuka, gauni refu, na yule mwanamume akamwinamia akambusu kwenye paji la uso. Maandishi yakatokea, mistari mitatu ya vistari na nukta, yakapita.

Sauti ya Geofrey ikatoka safu ya tatu, kwa Kiswahili, "Mzee, huyo ni mume au kaka?"

Wenzake wakaanza kucheka. Ukumbi uligeuka kumtazama, haujui amesema nini. Ningeweza kujifanya sikusikia, picha zilikuwa zinakwenda. Lakini nilikuwa nimechoka kunywa soda.

"Rafiki yangu yule," nikawaambia kwa Kiingereza, "ameuliza kama huyu ni mume wa mama huyu au ni kaka yake. Ana haki ya kuuliza. Zamani, nyumbani, nilikuwa natafsiri filamu za Kiingereza na Kiingereza sijui. Niliwaozesha kaka na dada. Walikaa kwenye ndoa miaka mitatu."

Kicheko kililipuka hadi nikalazimika kungoja. Kile cha harusini sikukifurahia hata mara moja. Hiki nilikitengeneza mwenyewe na kilikuwa changu.

"Leo maandishi ni ya Kihungaria, na hicho nacho sikijui. Lakini nimekua. Tazameni mikono. Amembusu, lakini mikono ameiweka mgongoni. Na mama, tazameni, anamtengeneza kola kama anayemtengenezea mtoto wa shule. Mke hatengenezi kola hivyo. Huyo amemfunga huyu vifungo tangu yuko mdogo. Nasema kaka. Nasema mbele ya rafiki yangu na watu wake sita: kaka, tena mdogo."

Baada ya kusema hivyo sikuwa na la kufanya ila kungoja. Picha zilikwenda. Donatille alipita na mshumaa. Bibi alifungua chumba, akapandisha taa, na ukutani kulikuwa na picha kubwa ya kuchorwa: mama mzee amekaa kwenye kiti, kulia kwake msichana mrefu, na mkono wa msichana umeshika kola ya mvulana mdogo.

Mtafsiri akishapata, haongezi neno. Ukumbi ulielewa wenyewe, kwanza safu moja, kisha zote, na makelele yaliyopanda yalizidi yale ya Donatille kwenye ngazi. Nilitazama safu ya tatu. Wale watu sita walikuwa wamesimama. Geofrey alikuwa amekaa, mikono kichwani, anacheka kama mtoto wa benchi la mbele.

Dakika zangu zilizobaki nilizitumia nilivyotaka. Alice alipouliza makofi ya nani yalizidi, swali lilikuwa la adabu tu. Walinipa tuzo, mkono wa plasta unaotoka kaburini, na mtu mmoja mwenye meno marefu akaniuliza kama naweza kuja mwakani kueleza filamu nzima, ya saa moja na nusu, yoyote nitakayoichagua. Nikamwambia nitaitazama ratiba yangu.

Geofrey alinisubiri chini ya jukwaa. Alinipa mkono wake wa kulia, wa kushoto ameshika kiwiko, kama tulivyolelewa.

"Mzee, kwenye harusi nimekuwa nikisema ulitudanganya."

"Niliwadanganya. Hata neno la Kiingereza la mlango wa kutokea sikulijua."

"Ile filamu ya chuo, ya kweli," akasema, "ilinichosha. Nililala. Ya kwako niliiona mara tisa." Alitazama pembeni. "Hilo sikuwahi kulisema kwenye kipaza sauti."

"Jumamosi ijayo kuna harusi."

"Najua, mimi ndiye mshereheshaji."

"Basi utalisema."

"Nitalisema, Mzee. Na nitasema na la leo."

Nje, washiriki walikuwa wanajipanga kwa matembezi ya mjini, na mshindi ndiye hutangulia. Alice aliniletea kinyago cha zimwi chenye pembe, ndiyo desturi. Leah, ndani ya bendeji zake, alitaka kunisaidia kukifunga.

"Hapana," nikamwambia. "Kinyago mpe Geofrey."

Geofrey alikivaa, akaingia mstari wa nyuma pamoja na wale sita. Mimi nilitangulia kwenye barabara kuu ya Anoka nikiwa uso wazi, suti ya kijivu, mkono wa plasta kwapani. Watu wa pande zote mbili za barabara waliuliza yule mzee amevaa kama nani, na nyuma yangu nilimsikia Leah akiwatajia jina langu, mara kwa mara, herufi kwa herufi.