Ngobyi Iliyopita kwa Verdiane

Chukudu ya Evode, kigari chake cha mbao cha magurudumu mawili, ilikuwa na mifuko tatu ya viazi wakati usukani ulikatika kwenye muteremuko juu ya Mushaki. Watu walimukuta chini ya mifuko, paja limepasuka, mikono yote miwili iko kwa tumbo. Alikuwa mutoto wa mwisho wa Drocella, baba ya watoto wawili.

Drocella mwenyewe njo alikuwa mukubwa wa ngobyi ya mulima ule, kitanda cha kusuka cha kubebea wagonjwa. Kila nyumba inatoa mubebaji, na mukubwa njo anasema njia. Bwana yake alipokufa kazi ile ilibaki kwake, na hajawahi kukosea njia. Alifunga paja la Evode na kitenge chake, akasema Baba Yetu mbiombio, ngobyi ikapanda mabegani.

Walipofika njia panda, Verdiane alikuwa amesimama kwenye mulango wa santeri, kituo kidogo cha afya, hatua mia kushoto. Ni yeye muuguzi wa pale. Mbele, saa mbili kwa muguu, ilikuwa hospitali yenye mashini mupya, ile inayoona ndani ya tumbo bila kukata.

"Mumulete hapa!" Verdiane aliita. "Nione hiyo damu!"

"Wewe uko na nini, dada?" Rukundo, aliyebeba nyuma, alijibu. "Mukasi na pamba? Mashini inakula mazutu ya jenereta, na pesa ya mazutu inatoka kwa maharagi yetu, kibakuli kila nyumba, kila mavuno. Leo tuko na mugonjwa, tumupeleke kwa pamba?"

"Na kibakuli cha Mama Drocella kilijaa maharagi mpaka kikafanya kilima," mwingine akasema. Wakacheka, kicheko cha woga.

Drocella aliangalia kitenge. Kilikuwa kimeloa kidogo tu. Evode alikuwa analia tumbo, hakulia muguu. Na kitu ambacho watu wote wamekitolea, chenye macho ya kuona mahali muntu haoni, kukiacha si zambi? Alingoja moyoni neno la kumuongoza. Halikuja.

"Mbele," alisema.

Ngobyi haishushwi chini kabla ya mulango wa muganga. Kuishusha njiani ni kama kumuaga mugonjwa. Kwa hiyo walibadilishana mabega wakitembea, na hakuna aliyefungua kitenge. Evode alinyamaza. Drocella alijiambia amesinzia. Ni karibu na hospitali njo aliona nyayo za Rukundo zinaacha alama nyekundu kwenye vumbi.

"Rukundo, umejikata?"

"Mimi? Hapana, mama."

Hapo wote walianza kukimbia.

Dokta Honoré aliweka mashini juu ya tumbo la Evode. Kwenye kioo Drocella aliona kijivu tu, kama mvua ya mbali.

"Tumbo liko safi. Hakuna damu ndani."

Wabebaji walipiga makofi, lakini dokta hakuwa nao tena. Alikuwa ameegemea paja kwa uzito wake wote. "Ameishiwa damu kwa muguu. Nani atamupa yake?"

Waliwapima wote. Ya Rukundo njo ilikubali.

Baadaye dokta alimukuta Drocella kwenye baraza.

"Mama, mulipita santeri?"

"Tulipita."

"Bandaji ya kukaza, dakika tano, angefika hapa anaongea."

"Basi mashini haina kazi?"

"Iko na kazi. Bila hiyo ningemupasua tumbo bure, na asingevumilia."

"Basi tulifanya vizuri?"

"Hapana, mama." Dokta alijikuna shingo. "Iko na kazi, lakini si ya kwanza."

Akaitwa, akaenda. Drocella aligeuza maneno yale huku na huku, hakupata mahali pa kuyashika. Alitaka kuomba, hakujua kama ni shukrani ao toba, akasema vyote viwili vikachanganyikana mudomoni.

Jua lilikuwa linaegemea mulima Evode alipofungua macho.

"Mama, mashini iliniona?"

"Ilikuona."

"Ilisema nini?"

"Ilisema tumbo lako liko safi."

Alitabasamu, akasinzia kama muntu aliyepokea barua nzuri. Drocella aliweka kiganja juu ya bandaji ya paja, akakigeuza, akakiangalia. Kikavu. Akangoja pumzi kumi za mutoto wake, akakiweka tena.