Shemeji wa Mara Tisa

Sheria ndogo ya maadili ilipopita, bawabu wa halmashauri ya mji alikabidhiwa daftari jekundu na kalamu iliyofungwa uzi, kana kwamba yeye ndiye mwizi wa jengo lile. Mwanasheria wa mji alimweleza mara moja tu, tena amesimama, macho kwenye simu. Kila anayekuja kumwona diwani kwa jambo lake aandikwe jina, siku na anachotaka. Diwani aliyefuatwa hivyo haruhusiwi kulipigia kura jambo hilo.

"Ndugu na wakwe usiwabughudhi," aliongeza. "Hao andika undugu wao, basi; hawamzuii diwani kupiga kura."

Bawabu aliishia darasa la nne, lakini tundu lile aliliona palepale. Alijiuliza kama wakubwa hawakuliona, au ndio waliolitoboa.

Mwenye maghala alikuja wiki hiyohiyo. Alikitaka kiwanja cha zahanati nyuma ya soko, kile kilichoota nyasi miaka kumi na moja, na kamati ya ardhi ilikuwa mikononi mwa diwani wa kata ile. Aliegesha gari mbali, akaja mlangoni kwa miguu yake.

"Shikamoo, mzee."

Bawabu alishtuka. Tangu mkewe afariki hapakuwa na mtu aliyepita pale akamwamkia. Walimtundikia miavuli yao mkononi kama msumari wa ukutani, wakapita.

"Marahaba. Nikuandike nani?"

"Mimi tena, mzee wangu? Mimi shemeji yake diwani. Au nikaseme huko ndani kwamba siku hizi wakwe wanapekuliwa mlangoni?" Akacheka, akamshika bega.

Diwani hakuwa na dada wala kaka. Mkewe naye alizaliwa peke yake; marehemu mke wa bawabu ndiye aliyekuwa akimsuka tangu utotoni. Lakini utamdaije mtu mzima ushahidi wa ushemeji? Bawabu aliandika: shemeji. Akaandika hivyo mara tisa katika miezi miwili. Hakupewa hata njiti ya kiberiti. Alipewa shikamoo tisa, na kila moja alirudi nayo nyumbani kifua mbele, mjinga yule.

Nyumbani alikuwa na binti yake, mimba ya miezi saba, mume yuko safarini.

"Baba, ile zahanati wataijenga kabla sijajifungua?"

"Watajenga, mama."

Mama mtu alikufa juu ya mkokoteni wa mkaa, pumu imembana, hata nusu ya njia ya kwenda hospitali hawajafika. Mwaka huohuo wakubwa walikuja kiwanjani na kibao, wakapiga picha, wakaenda zao kula.

Siku ya kura, mwenyekiti wa kamati ya maadili aliomba daftari. Alikuwa mwalimu mstaafu, mama mmoja mkavu asiyecheka na mtu. Hesabu yake ilikuwa rahisi: diwani yule akizuiwa kupiga kura, kiwanja kinabaki cha zahanati.

"Mzee, huyu shemeji kaja mara tisa. Ni shemeji kweli?"

Diwani alimtazama bawabu kwa upole, kama anayemwombea. Bawabu alikuwa amebakiza miezi sita kustaafu. Akalifikiria tumbo la binti yake.

"Si shemeji, mwalimu. Diwani hana ndugu, na mkewe hana ndugu."

"Ulijua hivyo ulipoandika?"

"Nilijua."

Mwanasheria alikuwa ameshafungua kanuni zake. "Anayeingiza habari za uongo katika daftari anasimamishwa kazi mara moja. Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu. Lakini yeye ndiye aliyesema..."

"Nimeuliza mwandiko."

"Wangu."

"Na diwani je?" mwalimu aliuliza.

"Hiyo ni tuhuma, mama. Uchunguzi ni siku tisini. Mpaka hapo kura yake ni halali."

"Pole, mzee wetu," diwani alisema. "Uzee nao una mambo yake." Wawili watatu wakacheka.

Mikono ikainuliwa. Wa diwani uliinuka mwisho, taratibu, na kiwanja kikaenda. Sheria ya maadili ilikuwa imempata mtu wake wa kwanza, naye ni bawabu.

Mwalimu alimkuta kwenye ngazi, hana pa kuiweka mikono yake.

"Ungeniambia ile mara ya kwanza," alisema, akashuka.

Binti alikuwa ameketi kizingitini, miguu imemvimba.

"Wameshinda, baba?"

"Wameshinda. Na aliyewaandikia ni mimi."

Binti alivuta kanga akajifunika tumbo, ingawa jua lilikuwa bado kali.

Bawabu hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa msukuma mkokoteni, yuleyule wa mwaka ule, akamkuta anapakua magunia.

"Nitakuhitaji mwezi ujao, au ule mwingine. Siku siijui."

"Mzigo gani, mzee?"

Bawabu aliinama, akalishika gurudumu la kushoto. Lile ndilo lililokuwa likilia njia nzima, hata mkewe aliponyamaza.

"Hili bado linalia?"

"Bado."

"Litie grisi."